Nimeacha ngano, kipimo kimekuja hasi: nina siliaki au sina?

"Shikamoo daktari. Nina miaka 31, naishi Tanga. Mwaka wa tatu sasa tumbo linajaa gesi, naharisha mara kwa mara, na damu haipandi. Mara ya mwisho ilikuwa 8.9, ingawa nimemeza vidonge vya kuongeza damu kwa miezi na dawa za minyoo nimekunywa mara kadhaa. Mdogo wangu, baba mmoja mama mmoja, anaishi Uingereza na mwaka jana aliambiwa ana ugonjwa wa siliaki. Akanishauri niache ngano. Nimeiacha miezi mitano na tumbo limetulia sana. Juzi nikapima kile kipimo cha damu alichopimwa yeye, kikaja hasi. Daktari niliyemwona akasema Waafrika hawana ugonjwa huo, nirudi kwenye chapati zangu. Nimsikilize nani? Na kama ninao nitakula nini, maana kwetu chai ya asubuhi bila mahamri au mkate si chai?"

Marahaba, dada. Nianze na kipimo, kwa sababu ndicho kilichokuchanganya. Majibu uliyopata hayawezi kukuambia kama una siliaki, yaani ugonjwa ambao kinga ya mwili huumiza utumbo kwa sababu ya ngano, au huna. Kipimo hicho hutafuta kingamwili ambazo mwili hutengeneza pale tu unapoendelea kula ngano. Ukiacha ngano, zinapungua mwezi hadi mwezi, na miezi mitano inatosha kuzishusha hadi kiwango cha kawaida kwa watu wengi, hasa kama hazikuwa juu sana tangu mwanzo. Mdogo wako alikutakia mema, ila mpangilio uligeuka: hupimwa kwanza ukiwa bado unakula, ndipo unaacha. Kosa hili ni la kawaida sana, hata nchi ambazo ugonjwa huu unajulikana kila kona.

Ili uone kwa nini iko hivyo, chukua donge la unga wa ngano uliokandwa ulioshe chini ya bomba. Maji yatatoka meupe, huo ni wanga unaondoka. Mwishoni utabaki na kinofu cha rangi ya kijivujivu, kinavutika na kunata kama ubani uliotafunwa. Hiyo ndiyo gluteni. Ndiyo inayofanya chapati ivutike bila kukatika na mkate uumuke ukabaki umesimama. Ni protini, na protini zake ndugu zimo pia kwenye shayiri na nafaka ya rai.

Vimeng'enya vya tumbo haviwezi kuikatakata gluteni hadi mwisho. Vipande vyake virefu hubaki na kufika utumbo mdogo, na kwa watu wengi hupita bila madhara yoyote. Mwenye siliaki ana jeni ziitwazo HLA-DQ2 au DQ8. Kwenye ukuta wa utumbo wake, kimeng'enya kinachoitwa tTG hubadilisha vipande hivyo kidogo, na zile jeni huvionyesha kwa askari wa kinga kana kwamba ni adui. Vita inaanza, na anayeumia ni utumbo wenyewe. Kwa kawaida ukuta wa ndani wa utumbo mdogo umejaa vinyuzi vifupi kama taulo jipya, na kama ilivyo kwa taulo, vinyuzi hivyo ndivyo vinavyofyonza. Kwenye siliaki vinasagika, taulo linabaki kama kitambaa cha kanga iliyopauka. Kinachoumia zaidi ni duodeni, sehemu ya mwanzo kabisa ya utumbo mdogo, na hapo ndipo madini ya chuma hufyonzwa. Kwa hiyo mtu humeza vidonge miezi na miezi na damu haipandi, na kwa wengine upungufu wa damu ndio dalili pekee, tumbo halisemi kitu.

Kwa maelezo hayo utaona pia kwamba siliaki si mzio wa kawaida, ule wa kuvimba midomo au kubanwa pumzi dakika chache baada ya kula. Haiambukizi. Haiondoki kadiri umri unavyosonga, na inaweza kuanza umri wowote. Wala hakuna dawa ya kusafisha tumbo inayoiondoa, iwe ya kopo au ya mizizi.

Sasa hilo la Waafrika. Kiwango cha juu kabisa cha siliaki kilichowahi kuripotiwa duniani ni cha watoto wa Kisaharawi, watu wa Sahara Magharibi: zaidi ya 5 kati ya kila 100. Ugonjwa huu upo Afrika Kaskazini, Uarabuni na kaskazini mwa India, na watu wa pwani yetu wamechanganya damu na hao kwa karne nyingi. Ni kweli kwamba kusini mwa Sahara unaonekana kuwa nadra zaidi. Chakula chetu cha asili hakikuwa ngano, jeni zenyewe hazijaenea sana kama Ulaya, na tena hautafutwi. Kwa hiyo angekuja mtu wa Tanga mwenye kuharisha na damu ndogo, asiye na habari nyingine, hata mimi nisingeanza na siliaki. Wewe una habari nyingine: mdogo wako wa tumbo moja. Ndugu wa karibu wa mgonjwa, yaani mzazi, mtoto, kaka au dada, ana uwezekano wa karibu 1 kati ya 10, wakati kwa watu wote duniani ni kama 1 kati ya 100. Daktari wako alizungumzia jamii nzima, na swali lilikuwa lako wewe.

Hata hivyo, kutulia kwa tumbo baada ya kuacha ngano si uthibitisho. Ngano ina gluteni, lakini ina pia sukari za aina ya fruktani zinazochacha utumbo mpana na kuleta gesi kwa watu wengi wasio na siliaki. Tena ulipoacha mahamri uliacha na mafuta yake, na pengine ile chai ya maziwa iliyokuwa ikiyasindikiza ilipungua. Watu wazima wengi wa kwetu maziwa huwasumbua. Kuharisha kwa muda mrefu kunaweza pia kuwa jiardia, yaani kimelea cha utumbo, kifua kikuu cha utumbo, au VVU, na magonjwa haya pamoja na dawa moja ya shinikizo la damu iitwayo olmesartan yanaweza hata kusaga vinyuzi vya utumbo yakafanana na siliaki chini ya hadubini. Upungufu wa damu una visababishi vyake: hedhi nzito na safura ndiyo ya kwanza kuulizwa. Haya yote yapimwe, usikubali mtu ayaruke kwa sababu tu neno "siliaki" limeshatajwa.

Ufanye nini basi? Kama ungekuwa mbele yangu, ningekuuliza kwanza kama una mimba au unatarajia hivi karibuni. Ukiwa nayo, suala la kurudia ngano tungeliahirisha. Kama huna, zipo njia mbili za kuanzia.

Ya kwanza ni kupima jeni. Kipimo hiki hakijali umekula nini, kwa hiyo unaweza kukifanya leo bila kugusa chapati. Uzuri wake uko kwenye jibu hasi: usipokuwa na DQ2 wala DQ8, siliaki tunaifuta kabisa au karibu na kabisa, na tunatafuta kwingine. Jibu chanya halikupi ugonjwa. Ulaya watu 3 hadi 4 kati ya 10 wanazo jeni hizo na wengi wao wanakula mkate hadi uzeeni. Kwako, kwa kuwa mdogo wako anaumwa, uwezekano wa kukutwa nazo ni mkubwa, kwa hiyo kipimo kinaweza kukugharimu pesa na bado kikakuacha pale pale. Maabara nyingi huku hupeleka sampuli hii nje ya nchi, ulizia bei na muda kabla ya kutoa mkono.

Ya pili, na ndiyo ningeichagua kama mwili unastahimili, ni kurudia ngano kwa makusudi kisha kupima upya. Kiasi si lazima kiwe cha kukuangusha. Chapati moja ya wastani, ya unga wa gramu 50 hivi, ina gluteni karibu gramu 4. Vipande viwili vya mkate wa kukatwa vinakaribia hapo hapo. Kula kiasi hicho kila siku, ukigawe kwenye milo miwili, kwa wiki 6. Anza na nusu chapati siku tatu nne za mwanzo. Ukizidiwa kabisa, jitahidi zifike angalau wiki 2, halafu piga simu kwa daktari wako badala ya kuacha kimya kimya. Wiki ya kwanza tumbo litalalamika, hilo tunalitarajia. Ukitapika mfululizo, ukaharisha hadi kizunguzungu, acha na uende hospitali siku hiyo hiyo.

Unapokwenda kupima, omba vipimo viwili kwa pamoja: tTG-IgA, yaani kingamwili dhidi ya kile kimeng'enya cha tTG, na jumla ya IgA. Hicho cha pili watu wengi hukisahau, na hata karatasi yako ya juzi ningependa kuiona kama kimo. IgA ni aina ya kingamwili, na watu 2 hadi 3 kati ya kila 100 wenye siliaki hawaitengenezi kabisa. Kwa hao tTG-IgA itakuja hasi hata wakila mkate mzima kwa siku. Ikionekana IgA yako iko chini, inapimwa tTG-IgG au DGP-IgG, vipimo vinavyotafuta aina nyingine ya kingamwili, IgG. Na soma namba iliyoandikwa pamoja na kiwango cha maabara hiyo, usiishie kwenye neno "hasi" au "chanya". Namba iliyozidi kiwango mara 10 na iliyozidi kidogo tu ni habari mbili tofauti.

Kipimo kikija chanya, mtu mzima hupelekwa endoskopia: mpira mwembamba wenye kamera unapita mdomoni hadi duodeni na kutoa vinyama vidogo vya kuangaliwa kwa hadubini. Hospitali kubwa za rufaa kama Muhimbili, KCMC na Bugando zinafanya. Mkumbushe daktari, bila aibu, kwamba vinatakiwa vinyama 4 au zaidi kutoka sehemu ya chini ya duodeni na 1 au 2 kutoka sehemu yake ya mwanzo, maana uharibifu huwa na mabaka: kinyama kimoja kinaweza kutoka palipo pazima. Na usiache ngano hadi vinyama vitolewe. Watu hupata tTG chanya, wakaogopa, wakaacha, halafu foleni ya endoskopia ikachukua miezi miwili. Tunarudi mwanzo.

Ipo pia njia ya tatu, ya kuendelea bila ngano maisha yote bila kujua. Sitakukataza, wapo wanaoichagua. Ila ujue gharama yake: usipokuwa na jina la ugonjwa, hutajua kama kikombe kilichoguswa na unga ni hatari au ni wasiwasi tu, watoto wako hatujui kama wapimwe, na kama tatizo lako ni kifua kikuu cha utumbo litaendelea kukua huku wewe ukiusifu ugali. Kitu kimoja ningekukataza kabisa: vile vipimo vinavyouzwa vya "vyakula 100 usivyopatana navyo" kwa tone la damu. Vinapima IgG ya kila chakula, na IgG hiyo huonyesha ulichozoea kula. Utarudi nyumbani umekatazwa mayai, ndizi na maharage bila sababu.

Wakati huo wote damu ya 8.9 isisubiri. Endelea na vidonge vya chuma, kimoja kwa siku au siku moja baada ya nyingine, ukivimeza kwa maji au juisi ya limau, na chai ikae mbali saa mbili kabla na baada. Chai ya rangi na ya maziwa zote huzuia chuma kufyonzwa. Na kuna dalili ambazo hazingoji wiki 6 wala makala yangu: damu kwenye choo au choo cheusi kama lami, kupungua uzito bila kukusudia, homa au jasho la usiku, kuamshwa usiku na kuharisha, miguu kuvimba, moyo kwenda mbio ukipanda ngazi chache. Ukiwa na mojawapo, nenda ukaonwe wiki hii.

Tuseme sasa imethibitishwa. Tiba ni kuacha gluteni yote, maisha yote, na huku kwetu hilo ni rahisi kuliko huko aliko mdogo wako. Ugali wa mahindi au muhogo, wali, ndizi, viazi vya aina zote, maharage, mbaazi, kunde, choroko, samaki, nyama, mayai, mboga, nazi, matunda: vyote salama. Mtama, uwele na ulezi, ambao Kenya wanauita wimbi, ni salama pia ingawa ni nafaka. Mahindi yana protini yake lakini haileti vita hii. Unga wa atta ni ngano, suji ni ngano, tambi ni ngano, boko-boko ni ngano. Shayiri haifai, na hapa lugha inatutega: wengine huita oti "shayiri", wakati hizi ni nafaka mbili. Oti safi wagonjwa wengi wanaivumilia, lakini ya kawaida dukani huwa imechanganyika na ngano tangu shambani. Iache mwaka wa kwanza.

Kinachowaangusha watu wa pwani si chapati, maana hiyo wanaijua. Ni urojo, ambao uzito wake mara nyingi ni unga wa ngano. Ni viazi vya karai na koti lake. Vitumbua ni vya mchele, lakini wapo wauzaji wanaotia ngano kidogo ili vishikane. Unga wa lishe wa mchanganyiko mara nyingi una ngano ndani, mchuzi wa soya unayo, viungo vya mchuzi vya pakiti soma maandishi. Hata ile hingi ya unga ya kopo huongezewa ngano. Bia nyingi za chupa na vinywaji vya kimea hutokana na shayiri. Na chipsi safi za viazi zikikaangwa kwenye karai lililotoka kuchoma sambusa, zimeshachafuka.

Ila hatari kubwa ninayoiona ni mashine ya kusaga. Chakula huhesabiwa hakina gluteni kikiwa na chini ya miligramu 20 kwa kilo. Aliyekutangulia mashineni kasaga ngano, na konzi moja iliyobaki ndani, tuseme gramu 50, ikaingia kwenye kilo zako 10 za mahindi. Hiyo ni gluteni kama gramu 4, yaani miligramu 400 kwa kila kilo, mara 20 ya kikomo. Ukila ugali wa gramu 300 za unga huo kwa siku, umemeza miligramu 120, na miligramu 50 tu kila siku kwa miezi mitatu zilionekana kuumiza utumbo. Huoni kitu, husikii ladha, na tTG inagoma kushuka. Tafuta mashine isiyosaga ngano kabisa, au nunua unga uliofungwa na kiwanda kinachosaga mahindi peke yake. Mtama na ulezi vichambue kwanza kwenye ungo, punje za ngano huonekana.

Jikoni huhitaji kujenga jiko la pili. Nunua chekeche yako, mwiko wako wa mbao na kibao chako, kwa sababu unga hukaa kwenye matundu na nyufa na hautoki kwa kuosha. Sufuria na sahani za bati zikioshwa kwa sabuni zinatosha. Kama wengine nyumbani wanakula ngano, chakula chako kipikwe kwanza, na unga usikandwe jikoni wakati chungu chako kiko wazi.

Tumbo hutulia ndani ya wiki au miezi michache, damu hupanda baada ya hapo. Maziwa yanaweza kukusumbua miezi ya kwanza, maana kimeng'enya chake hukaa kwenye ncha za vile vinyuzi vilivyosagika. Pima tTG baada ya miezi 6, tena mwaka ukitimia, kisha kila mwaka, pamoja na wingi wa damu, akiba ya chuma, B12, foleti na vitamini D. Kwa mtu mzima utumbo wenyewe unaweza kuchukua miaka miwili au zaidi kupona. tTG isiposhuka, shuku mashine ya kusaga kabla ya kushuku jambo kubwa. Na wazazi wenu na ndugu wengine wapimwe, wakiwa bado wanakula ngano.

Kuhusu chai ya asubuhi: una mkate wa kumimina, ambao kiasili ni wa mchele. Loweka vikombe viwili vya mchele usiku. Asubuhi mwaga maji, saga na kikombe kimoja cha tui zito, iliki na kijiko kimoja cha chai cha hamira, hadi ukisugua kati ya vidole usisikie chenga. Funika uumuke, kama saa moja jua likiwa kali. Kisha tia sukari na ute wa yai moja, koroga polepole, mimina kwenye sufuria iliyopakwa mafuta na kupata moto. Chini moto mdogo, na kando zikianza kushika weka makaa juu ya mfuniko. Hapa hakuna gluteni ya kushika hewa, ni wanga wa mchele unaoganda kwa moto ndio unaozizuia zile povu, kwa hiyo muda ndio kila kitu: ukiuacha uumuke kupita kiasi, povu hupasuka kabla moto haujafika na mkate unalala. Ukilala mara ya kwanza, mara ya pili punguza dakika 15.